Tairi za misumari kwa kilima cha Amani: jibu kwa dereva wa Muheza

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni dereva wa Noah ya AZR60, ile inayovuta mbele. Napakia abiria na mizigo ya viungo kutoka Amani kushuka Muheza, na mara tatu kwa wiki nafika Tanga mjini. Kila masika nakwama kilimani, abiria wanashuka kusukuma, nimechoka na aibu. Shemeji yangu anaishi Finland. Anasema kule magari mengi yanafungwa tairi za misumari wakati wa baridi, na yuko tayari kuniletea seti yake aliyoitumia misimu miwili, bure, kwenye kontena la mwezi wa pili. Hapa Tanga nako kuna muuzaji mwenye tairi za Japani zimeandikwa STUDLESS, kashata zake, yaani yale meno ya mpira, nene kabisa, anataka shilingi 70,000 kila moja. Tairi zangu za sasa zimekaribia kuwa kipara, saizi ni 195/65R15. Nichukue zipi kabla ya mvua? Na kama ni za misumari, naweza kufunga mbili tu za mbele?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Afadhali umeuliza kontena likiwa bado halijafungwa. Za misumari usichukue hata kwa bure, na zile za STUDLESS ziache pale pale dukani. Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu ukimwambia shemeji "hapana" atataka kujua kwa nini, na yeye kule aliko ana haki.

Shemeji hajakudanganya. Finland sheria inaruhusu tairi za misumari kuanzia Novemba hadi mwisho wa Machi, na hali ya barabara ikidai, gari halitakiwi kutembea bila tairi za msimu wa baridi. Wale watu wanaijua kazi hiyo. Tairi ya kwanza ya theluji duniani ilitoka kwao mwaka 1934, ya malori, kutoka kiwanda ambacho leo tairi zake zinaitwa Nokian. Ya magari madogo ikafuata mwaka 1936. Misumari yenyewe ilikuja baadaye, miaka ya 1960.

Na usifikirie msumari wa kugongea mbao. Ni kipini kifupi kilichopachikwa ndani ya mpira, ncha yake ni tungsteni kabaidi, kitu kigumu cha jamii ile inayowekwa kwenye kichwa cha drili ya kutobolea zege. Ncha inachomoza nje ya mpira milimita moja hadi moja na nusu, basi. Unene wa sarafu. Kazi yake ni moja tu: kukwaruza barafu. Barafu ikiwa karibu na sifuri huwa na utando mwembamba wa maji juu yake, mpira unateleza kama mguu uliopakwa sabuni. Ile ncha inapasua utando, inachimba mfereji mdogo kwenye barafu, gari linapata pa kujishikiza. Barafu ni laini kiasi cha kuchimbika na ni ngumu kiasi cha kushika. Hapo ndipo msumari unapopata kazi.

Sasa njoo kilimani kwetu mwezi wa nne. Amani inapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na udongo wa Usambara ya Mashariki unaujua kuliko mimi: mwekundu, mfinyanzi, ukilowa unanata kama ugali wa muhogo, na ukikanyagwa na tairi mara tatu unang'aa kama uliopakwa mafuta. Kuna matope ya aina mbili pale, nawe umekwama kwenye yote mawili, ingawa kwenye swali lako umeyaita jina moja. Yapo yale ya asubuhi baada ya manyunyu: juu utelezi wa kina cha kidole, chini njia ngumu. Halafu yapo yale ya katikati ya masika, malori ya mbao na ya chai yameshachimba mitaro, tope linafika kwenye ringi, na chini halina mwisho unaouona.

Pima msumari wa milimita moja na nusu kwenye hayo yote mawili. Kwenye tope la kidole, msumari umezama ndani ya utelezi kabla haujagusa kitu kigumu. Kwenye tope la mitaro ndiyo kabisa, ni kama kuchimba muhogo kwa kucha. Na pale kilimani penye mawe yaliyochomoza, zile kona kali ukishapita Zigi, chuma juu ya jiwe lililolowa kinateleza kuliko mpira. Umewahi kutembea na viatu vya soli ya chuma juu ya sakafu ya saruji? Ndivyo ilivyo. Huo msumari unainua mpira kidogo kutoka kwenye jiwe, na mpira ndio uliokuwa unakushikilia.

Hapo bado hatujafika lami. Na hapa ndipo ninapotaka unisikilize sana.

Hesabu njia yako. Kutoka Amani hadi Muheza una kipande cha udongo, halafu Muheza hadi Tanga ni lami tupu, karibu kilomita 40, kwenda na kurudi 80, mara tatu kwa wiki. Hiyo ni zaidi ya kilomita 200 za lami kila wiki, ukiwa na abiria nyuma, unapita Pongwe katikati ya malori ya saruji. Kilimani mwendo wako ni 10 au 15 kwa saa. Ukiteleza unakwama, unachelewa, abiria wanalalamika, siku imeharibika. Kwenye lami mwendo wako ni 80. Ukiteleza hapo, mwanangu, hatuzungumzii kuchelewa tena.

Kwa hiyo tairi huchaguliwi na kilima. Kilima ndicho kinachokuudhi, lami ndiyo inayoweza kukuua. Tairi uichague kwa ajili ya lami iliyolowa, halafu kilima tukitafutie dawa yake peke yake. Nitaifikia.

Msumari kwenye lami ya Tanga utafanya nini? Kwanza utalia, kelele kama ya mtu anayekokota bati. Pili utaichuna lami, na lami itaing'oa misumari. Kule kwao kwenye baridi mpira umekaza kipini. Huku jua la saa saba mchana linapandisha joto la lami kupita digrii 50, mpira wa tairi ile umetengenezwa uwe laini kwenye baridi, kwa hiyo kwenye moto wetu unalegea, na kila breki kali inatikisa kipini kwenye tundu lake. Vitaanza kutoka kimoja kimoja, na kikiruka kinaruka kwa kasi ya gurudumu, kuelekea bodaboda aliye nyuma yako au mtoto anayesubiri kuvuka.

Nchi za baridi zenyewe zimegombana sana na misumari hii. Ujerumani waliipiga marufuku katikati ya miaka ya 1970. Japani, ambako magari yetu yanatoka, miji ya kaskazini kama Sendai ilifika mahali wakati wa baridi watu wanavuta vumbi la lami lililosagwa na misumari, hadi bunge likatunga sheria mwaka 1990 kuizuia. Oslo wanamtoza dereva ada kuingia na misumari mjini. Hao wana barafu, na bado wanapima faida na hasara. Sisi barafu yetu ipo kwenye friji.

Baada ya sheria ile ya Japani ndipo hizi STUDLESS zilipotawala soko lao, na ndiyo maana leo zimejaa kwenye maduka ya tairi za mitumba kuanzia Dar es Salaam hadi hapa. Neno lile maana yake ni "isiyo na misumari". Si sifa ya ubora. Si kwamba ni tairi kali ya porini. Ni tairi ya theluji na barafu iliyotengenezwa kufanya kazi ya msumari bila msumari, kwa ujanja wa mpira wenyewe. Wauzaji wengi hawaelewi hilo, wanaona kashata nene wanasema "hii ya matope". Simlaumu muuzaji wako, huenda naye ameambiwa hivyo.

Nenda kaziangalie kwa karibu, usinunue, angalia tu. Bonyeza kashata kwa ukucha wa kidole gumba. Utaona ukucha unaingia, mpira laini kama ndala mpya. Halafu angalia juu ya kila kashata: ina mikato myembamba, mingi, kama iliyochanjwa kwa wembe, inapinda pinda kama mawimbi. Kwenye barafu ile mikato inafunguka na kila ukingo unakwangua kidogo, na mpira laini unanyonya ule utando wa maji. Kazi nzuri sana, kwenye nyuzijoto chini ya 7. Hiyo 7 ndiyo namba wanayoitumia wao kama mpaka wa kubadilisha tairi. Sasa niambie, Muheza imewahi kufika 7? Hata Amani juu kule, usiku wa mwezi wa saba ukiwa umejifunika blanketi mbili, haifiki.

Kwenye tope la kwetu ile mikato ya wembe inajaa mfinyanzi ndani ya mita 50 za kwanza. Ni finyu mno, tairi ikizunguka haiwezi kuitema. Baada ya hapo una kipara cha udongo. Nitakuwa mkweli: kwenye tope jepesi, ikiwa bado mpya, itakupeleka mbele kidogo kuliko tairi ya lami iliyochakaa kama yako ya sasa, kwa sababu kashata zake ni za kina. Ndiyo maana madereva wanazisifia wiki ya kwanza. Wiki ya kwanza.

Kwenye lami ya moto na maji ndiko inakokuacha. Zile kashata laini zilizokatwakatwa zinalala upande ukishika breki, kama ufagio ukiubonyeza. Nikupe hesabu uione. Tuseme tairi nzuri ya joto inakusimamisha kutoka 80 ndani ya mita 36 kwenye lami iliyolowa. Ukipoteza robo ya mshiko, hizo 36 zinakuwa 48. Mita 12 unaweza kusema si nyingi, ni urefu wa Noah mbili na nusu hivi. Lakini angalia pale kwenye mita ya 36, mahali ambapo mwenzako mwenye tairi nzuri amesimama kabisa: wewe hapo bado unakwenda 40 kwa saa. Kugonga kitu kwa 40 ukiwa na watu wanane si kitu cha kukisia.

Naongea hivi kwa sababu limenifika. Zamani nilikuwa na pikapu, nikaambiwa kwenye duka moja la mitumba kwamba zile za kashata ya theluji ni "kiboko ya masika", nikafunga mbili nyuma. Wiki mbili nilifurahi. Siku moja natoka Muheza na machungwa, mvua imeanza dakika kumi nyuma, yaani ile mvua ya kwanza inayochanganyika na mafuta na vumbi la lami, mbele yangu lori likapunguza mwendo. Nilikanyaga breki kama kawaida. Mbele kulishika, nyuma hakukushika. Niliona dirisha la upande likinionyesha barabara niliyokuwa nikiiona kwenye kioo cha mbele. Tuliishia mtaroni, machungwa yametapakaa hadi ng'ambo, utingo wangu amevunjika mkono. Alikuwa kijana wa miaka 19. Mkono ulipona, lakini kiwiko hakikunyooka tena vizuri, na kila nikimwona mjini namwangalia ule mkono kwanza, halafu uso.

Hapo ndipo jibu la swali lako la mwisho lilipo. Hapana, usifunge mbili mbele za aina moja na mbili nyuma za aina nyingine. Najua mawazo yako, gari linavuta mbele kwa hiyo mshiko uwekwe mbele. Kupanda kilima, kweli. Kushuka na kushika breki, mbele ikishika kuliko nyuma mkia unataka kutangulia, na kilima cha Amani utakachokipanda kwa raha ndicho hicho hicho utakachokishuka na abiria. Tairi nne ziwe sawa. Ukikosa fedha ya nne na ukanunua mbili za aina ile ile uliyo nayo, mpya zipeleke nyuma. Madereva wananibishia sana hapa, wanasema "nyuma hakuvuti". Hakuvuti, ila ndiko kunakoliweka gari kwenye mstari.

Kuna jambo lingine kwenye tairi za mitumba ambalo naomba ulifanye mazoea hata usiponunua hizi. Tafuta ubavuni neno DOT, mwishoni mwake kuna namba nne ndani ya kiduara cha yai. Ukikuta 3816, maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 38 ya mwaka 2016. Namba hizo mara nyingi ziko ubavu mmoja tu, na muuzaji mjanja ataupanga ubavu huo ugeukie ukutani. Izungushe. Watengenezaji wengi wanasema ikifika miaka 10 tairi itolewe hata kama kashata zimejaa, na hiyo ni kwa tairi iliyohifadhiwa vizuri, si iliyokaa juani nje ya duka. Tairi ya STUDLESS ina alama yake zaidi: ndani ya mfereji wa kashata kuna vituta vidogo ambavyo tairi ikiisha nusu vinalingana na kashata, na Mjapani akifika hapo haiamini tena kwenye theluji, anaivua. Nyingi ya zinazotufikia zimevuliwa kwa sababu hiyo. Ukitaka kupima kina cha kashata na huna kipimo, chomeka njiti ya kiberiti upande usio na baruti, shika kwa kucha pale ilipoishia, pima kwa rula. Vile vituta vya kawaida vya kila tairi viko kwenye milimita 1.6, na kwangu mimi kwa gari la abiria wakati wa masika, chini ya 3 nakwambia badilisha.

Soma pia ile namba na herufi baada ya saizi. Za theluji za saizi yako mara nyingi zimeandikwa 91Q. 91 maana yake tairi moja inabeba kilo 615 na si zaidi. Q ni mwendo wa mwisho, kilomita 160. Utasema Noah yangu haifiki huko, na ni kweli, lakini herufi hiyo inakuambia pia tairi inavumilia moto kiasi gani. Tairi ya joto ya saizi hiyo hiyo unaipata kwenye H, kilomita 210. Gari lako tupu ni karibu tani moja na nusu. Weka watu wanane, weka viroba vya iliki na pilipili manga, mkungu wa ndizi wa mama mmoja hapo nyuma, unavuka tani mbili na ushei, na uzito mwingi unakaa nyuma. Tairi mbili za nyuma zikijumlishwa zinabeba kilo 1,230. Mpira laini, mzigo mzito, lami ya saa saba: nimetoa tairi za namna hiyo kwenye ringi zikiwa zimefanya uvimbe ubavuni kama jipu.

Basi ununue nini? Nunua nne mpya za kawaida za joto, 195/65R15, 91H au zenye namba kubwa zaidi ya 91 kama utazipata, maana zipo zilizoimarishwa za 95, na kwa kazi yako ndizo ningezichagua mimi. Dukani usiangalie katikati ya tairi tu. Angalia mabega, pale ukingoni. Chagua yenye mifereji mipana minne inayozunguka tairi nzima, hiyo ndiyo inayokimbiza maji kwenye lami, na mabega yaliyo wazi, yaani mifereji ya kando imetoka nje kabisa bila kuzibwa na ukuta wa mpira. Bega wazi linatema tope. Tairi yenye bega lililofungwa ni tamu kwa lami, kimya, lakini kwa Amani itakuwa kipara haraka. Za mitumba nne kwa bei ya muuzaji wako ni 280,000. Mpya zitakugharimu zaidi ya hapo, sitakuficha. Ila zile laini kwenye lami yetu zinaliwa kama sabuni, na kabla masika mawili hayajapita utakuwa dukani tena.

Sasa kilima. Dawa ya kilima ni kitu unachokifunga ukifika na kukifungua ukitoka: minyororo. Wazee waliokuwa wakiendesha Land Rover kupanda Amani na Lushoto enzi za udongo mtupu walitembea nayo chini ya kiti, na wengine waliokosa walizungusha kamba nene ya katani kwenye gurudumu, kamba isiyokosekana Tanga. Mnyororo unafanya kile ambacho msumari hauwezi: una unene wa kidole, unapasua ule utelezi hadi chini kwenye njia ngumu, na unavunja tope badala ya kulipaka. Kwako unafungwa mbele, kwenye magurudumu yanayovuta. Unasimama mahali tambarare kabla ya kilima, si katikati ya kilima umeshakwama, unatandika, unakaza, unatembea mita 20, unashuka kukaza tena, kwa sababu lazima utalegea. Mwendo wa miguu. Ukifika njia ngumu au lami, vua. Mnyororo kwenye lami unaharibu vyote viwili.

Kamba nayo inawezekana kama ringi zako ni za chuma zenye matundu. Unapitisha kwenye tundu, unazungushia tairi, unafunga mafundo sita au nane kwa gurudumu, kila moja peke yake ili moja likikatika mengine yabaki. Lakini kabla ya yote ingia chini, uangalie mpira wa breki na waya wa kihisio unapita wapi nyuma ya gurudumu. Mkia wa kamba ukinasa pale na kukata mpira wa breki, umetatua tatizo la kupanda na umetengeneza la kushuka. Kata mikia mifupi.

Upepo nao unasaidia bila gharama. Kwa tope la kidole ukitoka kwenye kiwango cha kawaida, kile kilichoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ukashusha hadi PSI 22 hivi, tairi inalala ndefu zaidi na kashata nyingi zinashika kwa pamoja. Sharti lake usilivunje: uwe na pampu ya kujaza tena kabla ya kugusa lami. Tairi yenye upepo mdogo, mzigo, mwendo wa 80, ndiyo ile unayosikia imepasuka Mkanyageni.

Kwa lile tope la mitaro, la katikati ya masika, sitakuuzia matumaini. Noah tumbo lake lipo chini, hapatimii shibiri. Tairi yoyote utakayoifunga, hata ile ya matope hasa yenye kashata kama matofali, gari litakaa juu ya tumbo na magurudumu yatazunguka hewani. Siku hizo shusha abiria chini ya kilima wapande Land Cruiser au bodaboda, mizigo isubiri, na uwaambie mapema kwa simu kabla hawajatoka nyumbani. Utapoteza nauli ya siku tatu nne kwa msimu. Mwenye chai atapitisha greda, jua litatoka siku mbili, utarudi.

Shemeji usimkatalie bure, kontena lake lina nafasi. Mwambie hivi: tairi abaki nazo, ila akuletee minyororo ya theluji ya 195/65R15, jozi moja. Kule inauzwa madukani kwa saizi, imeandikwa kwenye boksi. Asichague ile myembamba ya mapambo, mawe yetu yataimaliza wiki moja, achague yenye chuma kinene kadiri gari linavyoruhusu. Na kabla hajanunua, wewe ingiza mkono kati ya tairi na springi ya mbele upime nafasi iliyopo, umtumie kipimo, kwa sababu kama vidole viwili havipiti hapo, mnyororo mnene utakwaruza. Aongeze na pampu ndogo ya kuchomeka kwenye soketi ya gari na kipimo cha upepo. Hivyo vitatu vitaingia kwenye kona ya boksi moja.

Ukishafunga tairi mpya pita Ngamiani kwangu kabla ya mvua, hata jioni, tupime alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, na nikuonyeshe kufunga mnyororo gari likiwa kavu na mchana kweupe. Mara ya kwanza utachukua dakika 40 na utaudhika. Ya tatu utamaliza ndani ya 10.